Shali Iliyoingia Nyumbani

Nyumbani kwa kaka yangu Waswa hakukuwa na kitu chochote cha mtoto. Hakukuwa na beseni dogo, wala nepi, wala mafuta ya kumpaka. Kulikuwa na kalenda ya kampuni ya maziwa yenye picha ya mtoto mnene anayecheka, na Senge aliigeuza ikatazama ukuta, kwa hiyo miezi ile tulikuwa tunauliza tarehe kwa majirani.

Senge Nabututu ni dada ya baba yetu. Alitoka Webuye akaja kukaa nasi hapa Migosi kumlinda Debra, mke wa Waswa, kwa sababu Debra alikuwa na mimba ya tatu na hakuwa na mtoto hata mmoja. Mimba ya kwanza ilitoka. Wa pili alizaliwa akiwa ametimia vidole vyote na nywele nyingi, lakini hakulia. Huyo wa pili Debra alikuwa amemnunulia kila kitu. Siku aliporudi kutoka hospitali alikuta nguo zimekunjwa kitandani zinamngoja, na kofia ndogo ya bluu juu yake. Aliketi kando ya zile nguo mpaka giza likaingia, na hakuna mtu aliyethubutu kuziondoa.

Senge alisema ni nguo zilizomrudisha mtoto. Nguo ikitangulia ndani ya nyumba, alisema, mtoto anafika mlangoni anaona mahali pake pameshakaliwa.

Mimi nilimwamini. Mtu anaweza kunicheka, lakini yeye hakumwona Debra akiwa ameketi pale kitandani.

Shida ilikuwa kwamba kazi yangu ni kufuma vitu vya watoto. Ninafuma sweta za shule pia, na mitandio ya akina mama wa kanisa, lakini kinachonunuliwa zaidi ni kofia ndogo, soksi ndogo na shali. Ninafumia mjini, kwenye baraza la duka la Mama Sarla, ambaye anauza nyuzi, vifungo na zipu. Yeye ndiye aliyenifundisha. Ana vitabu vya mitindo vyenye maandishi ya mkato ambayo mimi siyawezi, kwa hiyo alikuwa anaketi nami, anafuma safu moja polepole, anafumua, ananipa sindano, anasema, "Sasa wewe." Nikikosea anajua hata bila kutazama, kwa kusikia sindano zilivyonyamaza.

Nilipomweleza habari ya Debra, nikiwa ninaangalia chini kama kawaida yangu, hakunicheka.

"Kwetu pia hatununui kabla," alisema. "Acha vitu vyote hapa dukani. Weka kwenye boksi. Wewe rudi nyumbani mikono mitupu."

Basi ndivyo nilivyofanya. Kila jioni niliacha kazi kwenye boksi chini ya meza yake. Hata nguo zangu nilizikung'uta kabla ya kuingia getini, nisibebe kipande cha uzi mweupe.

Mimba ikafika mwezi wa nane. Waswa alikuwa safarini na lori, mpakani Busia, na Senge alikuwa ameanza kulala na Debra chumba kimoja.

Wakati huo nilikuwa nafuma shali ya mjukuu wa Mama Harleen, mteja wa siku nyingi wa duka. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, na walitaka abebwe ndani ya shali hiyo siku ya kupelekwa hekaluni kwao kupewa jina. Ilikuwa shali nyeupe, ya uzi wenye manyoya laini, mtindo wa majani. Mtindo wa majani si mgumu. Unafuma vitanzi viwili pamoja, kisha unazungusha uzi mara moja kwenye sindano. Kile kitanzi kilichopotea kinarudi, lakini kinaacha tundu. Matundu yakipangwa yakiegemea upande huu na upande ule, yanafanya jani. Safu ya kurudi unafuma kinyume tu, huna haja ya kufikiri. Nilikuwa nimebakiza safu chache na ukingo.

Asubuhi ya siku ambayo vijana walikuwa wametangaza maandamano, mji ulikuwa kimya kuliko kawaida. Wenye maduka walifungua mlango nusu. Mimi niliketi barazani nikafuma haraka, nikitaka kumaliza. Kabla ya saa sita tukasikia mlio wa kwanza wa bomu la machozi upande wa stendi, halafu watu wakaja wakikimbia, wengine viatu mkononi.

"Funga! Funga haraka!" Mama Sarla akamwita mlinzi wake. "Terry, kimbia nyumbani, usikae hapa!"

Mlango wa chuma ukashuka. Boksi langu lilikuwa ndani, mimi nilikuwa nje, na shali ilikuwa mikononi mwangu ikining'inia kwenye sindano. Nilibisha mara moja, lakini kwa makelele yale hakuna aliyesikia, na mimi si mtu wa kupiga kelele. Nikaikunja, nikaisukuma chini ya sweta yangu, nikashika tumbo kwa mkono mmoja, nikaenda.

Njia nzima niliwaza niiache wapi. Niliona aibu kumpa mtu nisiyemjua. Nikakumbuka Mama Wakhungu, jirani yetu wa nyumba ya mwisho, nikaenda kwake moja kwa moja, lakini mlango wake ulikuwa na kufuli. Moshi ulikuwa umeanza kufika hata kwetu, macho yalikuwa yananiwasha. Nilizunguka pale uani mara mbili kama kuku. Halafu nikaingia ndani.

Nilitaka kuiweka nyuma ya mapipa ya maji na kuitoa watu wakitulia. Debra alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, miguu juu ya stuli. Alikuwa peke yake. Senge alikuwa ameenda soko la Otonglo tangu alfajiri kutafuta omena na mboga za kienyeji.

Debra akanitazama tumbo, akaanza kucheka.

"Ngai, Terry! Hata wewe?"

"Nini?"

"Hilo tumbo. Ni la nani? La yule kijana wa duka la simu? Na vile unajifanya mpole."

"Si tumbo," nikasema.

"Si tumbo ni nini, ni ugali? Kuja nione."

Nikarudi nyuma, lakini sindano moja ilikuwa imetokeza chini ya sweta, na Debra akainuka kwa shida, akaishika, akavuta. Shali ikatoka yote, ikaanguka juu ya mikono yake.

Nilingoja apige kelele, au anisukume nje. Badala yake aliipeleka kwenye dirisha, akatazama mwanga ukipita kwenye matundu.

"Nyasaye, Mungu wangu," alisema. "Inakaa kama mtu ameipulizia."

"Debra, tafadhali nipe. Ni ya mtu. Ni ya mtoto ambaye ameshazaliwa. Senge akiikuta humu..."

"Senge yuko Otonglo. Barabara zimefungwa, atafika kesho." Akaketi tena, akapapasa nafasi kando yake. "Nifundishe."

"Hapana."

"Safu moja tu. Mimi katika nyumba hii hata kuangalia siruhusiwi? Nimekaa miezi yote kama mtu anayebeba jiwe, hakuna anayelitaja. Safu moja, Terry."

Nilimwonyesha. Sijawahi kuweza kumnyima kitu. Alifuma vitanzi viwili pamoja, akazungusha uzi, akapata tundu lake la kwanza, akacheka mpaka machozi yakatoka. Alikuwa anacheka sana siku hiyo. Alicheka alipokosea, akacheka nilipomrekebisha. Mikono yake ilikuwa baridi, nikadhani ni kwa sababu ya kuosha vyombo. Mwisho wa safu akaitandaza shali juu ya tumbo lake, akainamisha kichwa, akaiangalia tu.

Tulikuwa tumekaa hivyo Senge alipoingia.

Alikuwa ametembea kutoka Otonglo kwa miguu. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi, anakohoa, na kikapu kilikuwa kimeinama begani. Alituona. Aliweka kikapu chini polepole sana, kama ndani kulikuwa na mayai.

"Ni nini hiyo?"

Akanigeukia.

"Terry. Nauliza ni nini iko kwa tumbo ya huyu."

"Ni shali, Senge. Ya mteja. Duka lilifungwa, sikuwa na..."

"Shali ya mtoto."

"Ndiyo, Senge."

"Na umeileta. Umeitoa huko ukaivalisha tumbo."

"Ni mimi nimeichukua," Debra akasema. "Usimsumbue."

Senge akamkaribia. Sauti yake ilishuka ikawa ndogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi, maana Senge ni mtu wa sauti kubwa. "Mtoto amecheza leo?"

Debra akavuta pindo la shali.

"Debra, mama, nakuuliza. Amecheza?"

"Amelala tu."

"Amelala?"

"Amelala. Ataamka."

Senge akaweka viganja vyake viwili kwenye tumbo, akasukuma huku, akasukuma kule, akangoja. Mimi nami niliangalia lile tumbo. Siku nyingine ungeona goti linapita chini ya gauni, na sisi wote tungejifanya hatujaona, kwa sababu hata kumtaja ilikuwa mwiko. Sasa tulitaka kuona na hakukuwa na kitu. Tumbo lilikuwa limetulia kama sufuria iliyofunikwa.

Senge akaketi sakafuni.

"Fumua," akaniambia. "Yote. Usiache hata kitanzi kimoja. Iwe uzi tena, kama haijawahi kuwa nguo. Ataona mahali pake pako wazi, atashtuka."

Nilichomoa sindano. Nilivuta uzi, na safu ya Debra ikatoka, halafu safu yangu ya asubuhi, ikifuatwa na jani la juu. Nilivuta haraka iwezekanavyo. Lakini uzi wa manyoya haufumuliki kama uzi wa sweta za shule. Unashikana. Manyoya ya kitanzi hiki yanashika kitanzi kile, na kila penye tundu uzi unajifunga fundo dogo, unatakiwa kusimama, kulegeza kwa ncha ya sindano, kuvuta tena. Niliinua macho nikaona nilichofumua ni kama upana wa vidole vyangu vinne, na shali iliyobaki inafika sakafuni.

"Vuta," Senge alikuwa anasema, huku anakohoa. "Vuta, msichana."

Debra alikuwa ameegemea, macho yamefungwa, mkono mmoja umebonyeza ubavu. Sisi wote watatu tulikuwa tunaungojea uzi. Nje bomu lingine lililia upande wa Kondele. Nilipofikia jani la tatu, wazo likanijia: mtoto yuko mle ndani, pengine anatuhitaji, na sisi tumekaa hapa tunasubiri shali iishe.

"Senge," nikasema, "tumpeleke hospitali."

"Ukimaliza."

"Sitamaliza leo."

"Basi vuta. Hata ukimpeleka hospitali na hicho kitu bado ni nguo, watamtolea maiti." Akainuka kwa kushika ukuta. "Naenda kutafuta maji ya kunywa ya huyu. Nikirudi nikukute umefika nusu."

Alipotoka kwenda uani, Debra akafungua macho.

"Terry."

"Eeh."

"Hajacheza tangu nilipoamka."

Sikuelewa mara moja. Niliendelea kuvuta.

"Tangu asubuhi. Kabla hujaja. Kabla ya hiyo shali." Alikuwa ananong'ona haraka haraka, akiangalia mlango. "Niliamka, nikamngoja. Nikanywa chai ya moto, huwa anaruka nikinywa chai. Nikalala upande. Nikasema nikienda hospitali wataweka kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, wataangaliana, wataninyamazia kama ile mara nyingine. Nikasema wacha nikae. Nikikaa, bado yuko."

"Ndiyo maana ulikuwa unacheka," nikasema.

"Nilitaka nikae na shali kidogo, kama watu wengine."

Nilitazama kile kitambaa magotini mwangu, nusu shali, nusu nywele. Nilijua sasa kwamba hakikuwa kimefanya lolote, na bado nilikiogopa. Naweza kusema ukweli huo: nilijua na bado niliogopa. Ningekiacha kama kilivyo, Debra asingeinuka, kwa sababu maneno ya Senge yalikuwa yameshaingia ndani yake kama yalivyoingia ndani yangu. Nikafungua droo ya meza nikachukua makasi.

Mfumaji hakati kazi. Mama Sarla alinifundisha hivyo kabla ya kunifundisha kitu kingine chochote: umekosea, rudi nyuma, uzi haupotei. Ukikata katikati, kila kitanzi kilichokuwa kimemshika mwenzake kinaachia. Nilikata shali kutoka juu mpaka chini, nikakata tena vipande, mpaka hapakuwa na kitu ambacho mtu angeweza kukiita nguo.

"Imeisha," nikamwambia Debra. "Si shali tena. Simama."

Senge alikuwa mlangoni na kikombe.

"Umekata?" aliuliza.

Akatazama vipande miguuni pangu.

"Nilikuambia ufumue, wewe umekata? Mtoto bado anashikwa na kamba yake ya kitovu ndani ya mama yake, na wewe unachukua makasi, unakata uzi mbele yake?" Kikombe kilianza kumwagika, hakuona. "Terry, umejua umefanya nini?"

Sikuwa nimewaza hivyo. Naapa sikuwa nimewaza kamba ya mtoto. Makasi yakawa mazito mkononi, na masikio yangu yakaanza kuvuma. Lakini Debra alikuwa ameshasimama, ameshika bega langu, na uzito wake wote ulikuwa juu yangu. Nisingeweza kuanguka bila kumwangusha. Tukatoka.

Griffin, kijana wa tuktuk anayekaa ploti ya pili, alikuwa ameifungia tuktuk yake ndani ya geti kwa sababu ya maandamano. Alikataa kabla sijafungua mdomo.

"Leo hapana, sistangu. Wanachoma hata za wenyewe."

"Mtoto hachezi," nikasema.

"Nini?"

"Mtoto hachezi!" Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka kwenye madirisha.

Griffin akamwangalia Debra. Akafungua geti.

Senge alipanda nyuma nasi. Hakuniangalia, lakini alimshika Debra mkono mmoja na mimi mwingine. Barabara ya Kondele ilikuwa na moshi mweusi wa matairi. Griffin akapitia njia za ndani, akiruka mitaro, akigeuka kila alipoona umati. Penye kona moja vijana walikuwa wameweka mawe na nguzo. Mmoja mwenye kitambaa usoni akapiga bati la tuktuk kwa kiganja.

"Shuka! Hakuna biashara leo!"

"Ni mama mjamzito, jamaa," Griffin akasema. "Ona mwenyewe."

Kijana akainama, akachungulia. Debra alikuwa na leso yenye maji usoni, anapumua kwa mdomo. Yule kijana akavuta kitambaa chake chini, na alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani.

"Ni wa kwanza?" akauliza.

Debra akajifunika uso wote kwa ile leso. Kijana akageuka akawapigia wenzake mluzi, wakasogeza nguzo, wakakimbia mbele yetu mpaka kona nyingine wakipiga kelele, "Mama! Mama! Pisha mama!"

Hospitalini muuguzi anayeitwa Sista Shitanda alimlaza Debra, akampaka mafuta ya baridi tumboni, akaweka kifaa kidogo kama redio. Kilitoa sauti ya upepo tu. Akakisogeza. Upepo. Debra alikuwa amegeuzia uso ukutani. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda na nyuzi nyeupe zimeshika sketi yangu kila mahali. Nilianza kuzibandua moja moja, kwa sababu niliona kama zinanisaliti.

Sista akasimamisha mkono. Ndani ya ule upepo kulikuwa na kitu kingine, dhaifu, cha polepole, kama mtu anayetembea mbali kwenye matope.

"Yuko," Sista alisema. "Lakini amechoka. Huyu hawezi kungoja." Na hapo hapo akaanza kuita watu.

Walimsukuma Debra kwenda chumba cha upasuaji. Mlango ukafungwa. Senge na mimi tulikaa kwenye benchi, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule. Alikuwa anakohoa na kusali kwa Kibukusu, na katika sala yake nilisikia neno la makasi. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeficha mikono kwapani ili isiguse kitu.

Sista Shitanda alitoka amebeba kitu ndani ya taulo la kijani.

"Wa kike," alisema. "Mama yuko salama, bado wanamshona, bado amelala. Huyu ni mdogo na ni baridi. Nguo zake ziko wapi?"

Senge akaangalia mikono yake mitupu.

"Kofia? Blanketi? Hata leso?" Akatuangalia mmoja mmoja. "Haya, najua. Kila siku najua. Basi nataka mtu mwenye kifua cha joto. Avue, amweke mtoto hapa katikati, ngozi kwa ngozi, mpaka mama yake aamke. Nani?"

Senge akainuka, kikohozi kikamkamata kabla hajasimama vizuri. Kilimtikisa mpaka akashika ukuta.

"Hapana, mama, si wewe na hicho kifua." Sista akanigeukia. "Wewe dada."

"Huyo hapana," Senge akasema. "Asimguse. Tafadhali, Sista. Huyo ametoka kukata uzi."

"Uzi gani?"

"Uzi. Aliukata mtoto akiwa tumboni."

"Mama, mtoto anapoa tukizungumza uzi."

Taulo lilikuwa kati yetu. Ndani yake niliona sikio moja, jekundu, limekunjamana. Nilitaka kusema ndiyo, Senge ana haki, mtafute mtu mwingine. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Niliogopa mikono yangu kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, kuliko mabomu, kuliko ule moshi wa Kondele. Kama angefia juu yangu, kila mtu angejua ni kwa nini, na mimi ningekuwa wa kwanza.

"Nipe," nikasema.

Tuliingia nyuma ya pazia. Nilivua sweta na blauzi mbele ya watu wawili, mimi ambaye hata nyumbani huoga taa ikiwa imezimwa. Sista akamlaza kifuani mwangu, akamkunja miguu kama ya chura. Alikuwa baridi kama samaki aliyetoka ndani ya maji. Hakuwa na uzito. Sista akatufunga pamoja na shuka, akanivalisha sweta yangu juu yetu sote, kifungo kimoja wazi ili kichwa kitokeze.

"Huyu anaweza kusahau kupumua," aliniambia. "Ni kawaida yao wakiwa wadogo hivi. Akinyamaza, msugue mgongo. Usilale. Usiogope."

Akaenda. Kutolala niliweza.

Senge alifungua pazia kidogo. Halafu akafungua kitambaa chake cha kichwa, kile cha kahawia anachovaa kila siku, akakikunja, akakifunika juu ya kile kichwa kidogo, bila kunigusa mimi.

"Anapumua?" akauliza.

Nilisikiliza. Hakukuwa na kitu. Kifua changu kilikuwa kinadunda kiasi kwamba sikuweza kumsikia mtu mwingine yeyote. Nikaingiza kidole chini ya shuka, nikamsugua mgongo, juu chini, taratibu, kisha kwa nguvu kidogo, na nilihisi mifupa yake midogo ikipita chini ya kidole. Mtoto akakunja uso. Mguu mmoja ukanisukuma tumboni.

"Anapumua, Senge."

Akavuta kiti, akaketi mbele yangu, magoti yake yakakaribia kugusa yangu. Macho yake hayakuondoka kwenye ile sweta.

"Na sasa?"

"Anapumua."

"Na sasa?"